Picha zikihama, idadi pekee si ushahidi

KATIKA vituo vya forodha vya Busia na Malaba, hakuna anayetangaza kwamba shehena imefika salama kwa sababu tu lori limeonekana likivuka mpaka. Hati husomwa, nambari ya lakiri hulinganishwa na ile iliyoandikwa safari ilipoanza, na panapokuwa na shaka kontena hufunguliwa na mzigo kuhesabiwa upya. Kila hatua huacha maandishi, na kila maandishi huwa na mwenyewe wa kuulizwa.

Lakini ipo mali nyingine ambayo wakazi wa miji hiyo miwili huihamisha bila hati, bila lakiri na bila kuulizana. Mali hiyo ni picha. Mwenye studio hununua diski mpya, wakala wa forodha hubadilisha simu, familia huchoka kulipia hifadhi ya mtandaoni, na picha za miaka kumi husukumwa kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa usiku mmoja. Kompyuta ikishaandika kwamba kazi imekamilika, za zamani hufutwa. Hasara, kama ipo, hugunduliwa baada ya miezi au miaka, pale picha inapotakiwa na haionekani.

Suala hili limepata uzito tangu kampuni ya Google ilipotangaza, mnamo Novemba 2020, kwamba ingesitisha hifadhi ya bure isiyo na kikomo. Kuanzia Juni 1, 2021, kila picha mpya inayopandishwa kwenye Google Photos huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 ambazo mteja hupewa bure, na nafasi hiyo hugawanywa pia na barua pepe na faili nyinginezo. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilieleza kwamba akaunti ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili zingeanza kufutwa kuanzia Desemba mwaka huo. Kwa aliyekuwa ameweka picha za marehemu wazazi wake katika akaunti aliyoisahau, habari hizo hazikuwa za mbali hata kidogo.

Baadhi ya watu wameamua kulipa kila mwezi. Wengine, hasa wapiga picha na wenye ujuzi wa kompyuta, wamechagua kuwa na maktaba yao wenyewe: kompyuta ndogo au ya zamani inayowekwa nyumbani au dukani, ikapewa diski kubwa na programu ya kupanga picha. Programu za namna hiyo hupatikana bila malipo, miongoni mwao Nextcloud, PhotoPrism na Immich. Hii ya mwisho ilianza mwaka 2022 na kutangazwa kuwa imekomaa mwezi Oktoba 2025.

Uamuzi huo una faida zake. Mwenye picha hategemei tena mabadiliko ya bei yanayoamuliwa ng'ambo, na picha zake hufunguka ndani ya nyumba hata intaneti inapozorota, kama ilivyotokea Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na kuathiri nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Hata hivyo, anayejitwalia ghala hujitwalia pia kazi ya mlinzi na ya karani. Kazi ya kwanza kabisa ya karani huyo ni kuthibitisha kwamba kilichotoka ndicho kilichofika.

SOMO LA DHAMANA

Mtu wa Malaba hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kufuata. Bidhaa zinazopita Kenya kwenda nchi nyingine bila kulipiwa ushuru hapa husafiri chini ya dhamana. Maana yake ni kwamba kuna fedha zilizoahidiwa serikali iwapo mzigo utapotelea njiani na kuuzwa humu nchini. Dhamana hiyo haifutwi siku lori linapoondoka Mombasa, wala haifutwi kwa neno la dereva. Hufutwa pale tu forodha inapothibitisha kwamba mzigo umetoka nchini.

Kwa miaka mingi udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa katikati ya safari. Ndiyo maana mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia kwa pamoja mfumo wa kufuatilia shehena kwa lakiri za kielektroniki, ili afisa wa nchi moja na mwenzake wa nchi nyingine waone mzigo ule ule. Na Februari 24, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipozindua kituo cha pamoja cha Busia, msingi ulikuwa kwamba maafisa wa nchi zote mbili wakae upande mmoja na kukagua mzigo pamoja, badala ya kila mmoja kumwachia mwenzake.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi kuitamka: nakala ya zamani ndiyo dhamana, na dhamana haifutwi mpaka orodha za pande zote mbili zilingane. Ugumu uko katika kujua maana ya kulingana.

HESABU INAYODANGANYA

Wengi hudhani kulingana ni kuona idadi moja pande zote mbili. Katika uhamisho wa picha, idadi sawa yaweza kuficha upotevu, na idadi tofauti yaweza kuwa halali kabisa.

Chukulia studio moja inayotoa picha zake Google Photos. Google huzitoa katika mafurushi yaliyobanwa, ambayo hupaswa kupakuliwa yote katika muda wa takriban wiki moja kabla ya kiunga kuisha. Furushi moja likisahaulika kati ya ishirini, hakuna kengele itakayolia. Mafurushi yakifunguliwa, pamoja na picha hutokea faili ndogo za maandishi zenye maelezo ya kila picha. Isitoshe, picha iliyokuwa ndani ya albamu huweza kuonekana mara mbili: mara moja katika kabati la mwaka wake, na mara nyingine katika kabati la albamu.

Kwa hiyo studio hiyo inaweza kukuta faili 18,400. Zikiondolewa faili 8,900 za maelezo, hubaki picha na video 9,500. Zikiondolewa 1,250 zilizorudiwa kwa sababu ya albamu, hubaki 8,250. Maktaba mpya ikionyesha 8,250, mwenye studio atafurahi. Ikionyesha 8,247, atasema tatu si kitu. Katika hali zote mbili atakuwa amekosea. Tatu zilizopungua zina majina, na yapaswa kujulikana ni zipi: pengine mbili ni za aina ambayo programu mpya haiisomi, na ya tatu ni faili tupu iliyokatika wakati wa kupakuliwa. Na hata idadi ikitimia, inawezekana picha moja imepotea huku nyingine iliyohaririwa ikihesabiwa mara mbili, upungufu na ziada vikafichana kama makosa mawili katika daftari la duka.

Hatari kubwa zaidi kwa wapiga picha wa harusi na mazishi iko katika majina. Kamera nyingi huhesabu picha hadi 9999, kisha huanza tena mwanzo. Kwa hiyo mpiga picha aliyefanya kazi miaka kadhaa huwa na picha nyingi zenye jina DSC_0001, kila moja ya sherehe tofauti. Akizimwaga zote katika kabati moja na kuikubalia kompyuta ibadilishe iliyopo, bibi harusi wa mwaka huu humfuta bibi harusi wa miaka mitatu iliyopita. Hakuna kitakachoonekana kimeharibika.

LAKIRI YA KILA FAILI

Dawa ya matatizo hayo ni kulinganisha picha zenyewe badala ya majina au idadi. Kuna hesabu maalumu ambayo kompyuta hufanya kwa kusoma faili nzima, kisha hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha faili hiyo. Katika hesabu iitwayo SHA-256 mfuatano huo huwa na alama 64. Faili ikibadilika sehemu ndogo kabisa, mfuatano hubadilika wote. Faili ikibadilishwa jina tu, mfuatano hubaki ule ule. Kwa maneno mengine, hii ndiyo nambari ya lakiri ya picha.

Uwezo wa kufanya hesabu hiyo umo tayari ndani ya Windows, Mac na Linux, na hauhitaji kununuliwa. Utaratibu ni kutengeneza orodha ya lakiri za faili zote kabla ya kuhamisha, kutengeneza nyingine kutoka katika diski ya maktaba mpya baada ya kuhamisha, kisha kuiagiza kompyuta itaje zile zilizomo katika orodha ya kwanza na hazimo katika ya pili. Jibu linalotakiwa ni kimya. Kila jina litakalotajwa ni deni la kufuatiliwa.

Njia hii huondoa pia udanganyifu wa vijipicha. Maktaba za kisasa hutengeneza nakala ndogo za kuonyesha haraka kwenye kioo. Nakala hizo zaweza kuendelea kuonekana vizuri hata kama picha yenyewe imeharibika au imeondoka. Mtu huona ukurasa uliojaa nyuso na kuamini kwamba mali yake ipo. Ndiyo maana, baada ya orodha kulingana, ni lazima picha kadhaa za kila mwaka zifunguliwe kwa ukubwa wake kamili, na video zichezwe hadi mwisho.

Kuna tahadhari moja. Lakiri huthibitisha kwamba kilichotolewa katika hifadhi ya zamani ndicho kilichofika, na hapo ndipo uwezo wake unapokoma. Haiwezi kujua kama hifadhi hiyo ilikuwa na picha kamili. Waliokuwa wakitumia hifadhi ya bure ya Google kwa kawaida walikubali picha zao zibanwe, na zile zilizozidi megapikseli 16 zilipunguzwa. Ikiwa picha asilia bado zimo katika kadi ya kamera au simu ya zamani, hizo ndizo zinazostahili kuingizwa kwanza.

TAREHE ZINAZOHAMA PEKE YAKE

Picha iliyofika bila tarehe yake imefika nusu. Katika mafurushi ya Google, maelezo kama tarehe iliyorekebishwa na mwenyewe au maelezo aliyoyaandika hukaa katika zile faili ndogo za maandishi. Anayezitupa kwa kudhani ni takataka hutupa daftari la maktaba yake. Anayeziacha lakini akatumia programu isiyozisoma huweza kukuta harusi ya 2014 na ubatizo wa 2019 vyote vimeandikwa tarehe ya jana.

Mipakani tatizo hili huongezwa na WhatsApp, ambayo hutegemewa sana katika biashara. Picha inayopitia huko huvuliwa maelezo ya ndani, ikiwemo saa na mahali ilipopigwa. Mara nyingi kinachobaki ni tarehe iliyomo katika jina lake, nayo ni ya siku ilipopokewa. Programu ikibadilisha jina bila kuisoma tarehe hiyo, ushahidi wa mwisho umeondoka.

Liko pia suala la saa tatu. Kenya na Uganda hutumia saa moja, ambayo iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa tatu. Maktaba mpya ikiachwa kwenye saa ya kimataifa, picha iliyopigwa saa saba za usiku Malaba huweza kuonekana kana kwamba ilipigwa jana yake saa nne za usiku. Kwa picha ya familia hilo ni jambo dogo. Kwa picha ya lori lililofika mpakani likiwa na lakiri iliyokatwa, tofauti ya siku moja yaweza kumwondolea mtu lawama au kumtwika.

Hapa ndipo jambo linapotoka katika ufundi na kuingia katika haki. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kilichoongezwa mwaka 2014, kinakubali ushahidi wa kidijitali, lakini kinaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi huo ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama ulibaki bila kubadilishwa. Kifungu cha 106B nacho kinadai cheti kinachoeleza namna rekodi hiyo ilivyopatikana. Wakala aliyehifadhi picha za bidhaa zilizoharibika, pamoja na orodha ya lakiri iliyotengenezwa siku ya kuzihamisha, ana la kusema mbele ya hakimu. Asiye nayo ana neno lake tu.

Wanaohifadhi picha za watu wengine wana mzigo wa ziada. Kenya na Uganda zote zilipata sheria za kulinda data mwaka 2019, na mteja wa studio ya Busia aweza kutoka upande wowote wa mpaka. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data nchini Kenya alitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni na klabu moja ya burudani Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha za watu bila idhini. Maktaba iliyofunguliwa kwenye intaneti bila nenosiri imara inaweza kuziweka hadharani picha ambazo wenyewe hawakukubali zionekane.

UMEME UKIKATIKA

Kunakili picha maelfu huchukua saa nyingi, na umeme hausubiri. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani, na kukatika kwingine kukafuata Novemba na Desemba mwaka huo. Kompyuta inayozimika ghafla huweza kuacha faili iliyoandikwa nusu, yenye jina sahihi na ndani haikamiliki. Uhamisho ukirudiwa, programu nyingine huiona faili hiyo kwa jina, hudhani imeshafika na kuiruka. Lakiri pekee ndiyo itakayoifichua. Betri ya akiba ya kuipa kompyuta dakika chache za kujifunga kwa utaratibu ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Hata baada ya yote kulingana, diski moja si hifadhi. Wizi, maji, radi na uchakavu haviulizi kama orodha ilikaguliwa. Watengenezaji wa Immich wenyewe huwahimiza watumiaji wafuate kanuni iliyozoeleka: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali na nyumba. Kwa mtu wa Busia, nakala ya tatu yaweza kuwa diski iliyofungwa kwa nenosiri na kuachwa kwa ndugu aliyeko Bungoma au Kisumu, na kuletwa kila baada ya miezi michache kuongezewa mapya.

Nakala hizo nazo zina mtego. Maktaba ya aina hii ina sehemu mbili: picha zenyewe, na daftari la programu linaloshika albamu, majina ya watu na mpangilio. Anayehifadhi daftari peke yake atakuwa na orodha ya mali asiyo nayo. Anayehifadhi picha peke yake atakuwa na mali isiyopangwa. Namna pekee ya kujua kwamba nakala inafaa ni kuirejesha katika kompyuta nyingine na kuifungua, kabla ya msiba na si baada yake.

WAKATI WA KUFUTA

Swali la mwisho ndilo lenye hatari kuliko yote: lini nakala ya zamani ifutwe? Watu wengi huharakisha kwa sababu nafasi imejaa au malipo ya mwezi yanakaribia. Wengine hufuta kupitia simu bila kujua kwamba, pale simu inapooanishwa na Google Photos, kufuta upande mmoja hufuta na upande wa pili. Picha zilizofutwa huko hukaa pipani kwa siku 60 kisha huondoka moja kwa moja.

Busara inadai masharti yatimizwe kwanza. Orodha za lakiri ziwe zimelingana, na kila iliyopungua iwe imepatikana au sababu yake kuandikwa. Tarehe za miaka ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho ziwe zimekaguliwa. Nakala ya tatu iwe imerejeshwa kwa majaribio. Kisha miezi michache ipite huku maktaba mpya ikitumiwa kila siku, kwa kuwa kasoro nyingine hazionekani mpaka mtu atafute picha mahususi na kuikosa. Gharama ya kulipia hifadhi ya zamani kwa miezi hiyo ndiyo bei ya dhamana.

Masharti hayo hayawahusu wenye kompyuta zao peke yao. Anayehamisha picha kutoka simu kuukuu kwenda mpya, au kutoka simu kwenda kadi ya kumbukumbu iliyonunuliwa sokoni, yuko katika safari ile ile. Aweza asijue kutengeneza orodha ya lakiri, lakini anaweza kulinganisha ukubwa wa mzigo pande zote mbili, kufungua picha za kila mwaka, na kuiweka simu ya zamani kabatini kwa muda bila kuiuza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walisema pia usitupe mbachao kwa msala upitao. Foleni ndefu za malori zilizokwama Malaba mwaka 2020 wakati wa janga la korona, na majengo ya zamani ya mpakani kabla ya kituo cha pamoja, vimebaki kwa sehemu kubwa katika simu na kompyuta za watu binafsi. Zikipotea kwa sababu ya haraka ya usiku mmoja, hakuna ofisi itakayofungua jalada kuzitafuta, na aliyezifuta huenda asijue kamwe kwamba ni yeye.